Kuizunguka Rasi ya Entebbe kwa Miguu kwa Siku Moja

Mji wa Entebbe umekaa juu ya rasi inayoingia ndani ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda hulijua kwa jina la Nalubaale, kiasi cha kilomita 40 kusini-magharibi mwa Kampala. Rasi hiyo ni nyembamba, na kwa sababu hiyo mtu mwenye miguu ya kawaida, asiye na haraka, anaweza kuyaamkia maji ya upande wa magharibi, akavuka mji, akatembea kando ya fukwe za mashariki na kurudi alikoanzia kabla jua halijazama. Matembezi yenyewe huchukua saa nne au tano, lakini atakayesimama kutazama, kula na kuongea na watu, kama inavyostahili, aitenge siku nzima.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba hakuna njia moja inayoufuata ukingo wa maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ya ukingo huo imegawanywa kati ya hoteli, nyumba za watu binafsi, hifadhi ya wanyama, uwanja wa ndege na jeshi, na anayejaribu kung'ang'ania maji kila hatua ataishia mbele ya uzio, au mbaya zaidi, mbele ya askari anayetaka kujua anatafuta nini hapo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu saa nzima nikifuata kijia cha mchanga kilichoonekana cha kawaida kabisa, hadi kiliponifikisha kwenye ukuta uliojengwa ndani ya maji, nikalazimika kurudi njia ile ile juani. Kwa hiyo maelezo yanayofuata yanahusu zaidi mahali pa kuliacha ziwa na mahali pa kulirudia.

Uamuzi wa kwanza ni upande wa kuanzia. Wengi huanza na Bustani ya Mimea kwa kuwa iko karibu na katikati ya mji na ina kivuli, lakini mimi nashauri kinyume chake: anza na mwalo wa Nakiwogo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki, ulioko magharibi, kisha uje mashariki taratibu, na bustani uiweke alasiri. Sababu zake ni mbili. Wavuvi wa nyavu hutega jioni na kurejea alfajiri, kwa hiyo atakayefika mwaloni saa 4:00 asubuhi atakuta mitumbwi imekwisha kupakuliwa na samaki wamekwisha kuondoka. Tena, jua la hapa, karibu kabisa na mstari wa ikweta, huwa kali kuanzia saa 6:00 mchana, na hakuna mahali pengine katika mzunguko huu penye miti mikubwa ya kukusitiri kama bustanini.

Kuhusu msimu, miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba huwa na mvua nyingi zaidi, ingawa kandokando ya ziwa mvua haina adabu ya kalenda na inaweza kunyesha mwezi wowote. Dhoruba nyingi za ziwani huanza usiku na kumalizikia asubuhi, kwa hiyo ukiamka na kukuta mawingu mazito usikate tamaa. Subiri saa moja au mbili, mara nyingi anga hufunguka. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, kwa maana sehemu ya njia ni lami, sehemu ni udongo mwekundu unaoteleza ukilowa, na mwaloni kuna maji yenye magamba na utumbo wa samaki. Beba kofia, maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili, koti jepesi la mvua, na fedha katika noti ndogo za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000, kwa sababu muuza chapati wa saa 1:00 asubuhi hawezi kukurudishia chenji ya noti ya 50,000.

Kutoka Kampala, panda basi dogo la abiria, ambalo hapa Uganda huitwa taksi, na ushuke Kitoro, mtaa wenye soko na msongamano wa watu ulioko karibu na njia ya kwenda uwanja wa ndege. Atakayetaka kufika Nakiwogo kabla ya saa 1:00 asubuhi ni bora alale Entebbe usiku uliotangulia, kisha achukue bodaboda kutoka Kitoro hadi mwaloni. Patana bei kabla ya kupanda.

Nakiwogo ni ghuba iliyotulia, kwa kuwa rasi yenyewe imeikinga dhidi ya pepo zinazovuma kutoka ziwa kuu upande wa kusini, na utulivu huo ndio ulioifanya kuwa bandari. Asubuhi utaikuta mitumbwi mirefu ya mbao, iliyopakwa rangi kali, ikisukumwa hadi kina kifupi, na wapagazi wakiingia majini hadi kiunoni kupokea mizigo na hata abiria kwa mabega. Samaki watatu ndio utakaowaona zaidi: sangara, ambaye Waganda humwita mputa, sato, au ngege, na dagaa, ambao hapa ni mukene, wanaoanikwa juu ya nyavu au mchangani hadi wakauke. Sangara hakuwamo ziwani hapo kale. Aliingizwa katika miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, na papo hapo akawa bidhaa kubwa ya kuuzwa nje. Sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara asiyefika urefu wa inchi 20, na ukiona watu wananyamaza ghafla na mifuko kufunikwa pindi mgeni anapokaribia, huenda wewe si sababu, bali wanadhani umetumwa kupima samaki. Utaona pia mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, yakitolewa kwa uangalifu kuliko nyama yenyewe, kwa kuwa huuzwa ghali katika soko la China.

Hapa ndipo adabu inapohitajika kuliko mahali pengine popote katika mzunguko huu. Usianze na kamera. Anza na salamu, kwa Kiganda ukiweza, ukimwita mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo. Na ukishindwa, Kiswahili kitakusaidia zaidi mwaloni kuliko katika maduka ya mjini, kwa kuwa wavuvi na wachuuzi wa ziwa hili hukutana kutoka pande zote tatu, za Uganda, Kenya na Tanzania. (Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ingawa wako Waganda wengi ambao bado hukihesabu kuwa lugha ya askari.) Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwa mwenye chombo au kwa viongozi wa mwalo, ambao huwa na kibanda chao karibu, na usiwaelekezee kamera askari wa ulinzi wa uvuvi hata kama wako mbali. Usikanyage nyavu zilizotandazwa wala usivuke juu ya dagaa walioanikwa, zunguka.

Kutoka mwalo huu huu mtu anaweza kukodi mtumbwi wenye injini kwenda kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya ghuba, kumtafuta yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu, lakini hiyo ni safari ya siku nyingine na haichanganyiki vizuri na matembezi haya. Vivyo hivyo meli MV Kalangala, inapokuwa katika huduma, huondoka Nakiwogo saa 8:00 mchana kwenda visiwa vya Ssese. Wewe wakati huo utakuwa upande wa pili wa rasi.

Ukiondoka mwaloni, liache ziwa. Panda barabara inayoelekea Kitoro na upitie katikati ya makazi ya watu, badala ya kujaribu kukata njia kando ya mafunjo, kwa maana ukingo wa huko ni tope na gugumaji, lile gugu linaloelea ambalo limekuwa likiziba vihori, yaani ghuba ndogo, vya ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kitoro ndipo pa kufungua kinywa: chai ya maziwa, maandazi, au rolekesi, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, nyanya na kabichi, ambayo imewabeba wasafiri wengi nchini Uganda kuliko chakula chochote cha hotelini.

Hapo Kitoro kuna uamuzi wa pili, nao ni kuhusu Kigungu. Kigungu ni kijiji cha wavuvi kilichoko karibu na ncha ya rasi, ng'ambo ya njia ya kurukia ndege, na kwa maoni yangu ndicho mahali pazuri kuliko pote katika safari hii. Ni hapo, tarehe 17 Februari 1879, ndipo walipotua Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans Delmas, wamisionari wa kwanza Wakatoliki kufika Buganda, baada ya msafara wao kuanzia Bagamoyo mwaka uliotangulia na wao wawili kuvuka kwa mtumbwi kutoka kusini mwa ziwa. Waganda walimwita Lourdel Mapeera, jina lililobaki hata leo, nalo asili yake ni namna walivyolisikia neno la Kifaransa la kumwita padri. Kanisa na kumbukumbu ya tukio hilo vipo karibu na maji, na mahujaji hufika hapo kila mwaka. Mawe ya ufukweni ni makubwa, maji hupiga kwa nguvu kuliko Nakiwogo kwa kuwa upande huu umelielekea ziwa wazi, na ndege hupaa karibu mno hadi mazungumzo husimama.

Tatizo ni kwamba barabara ya Kigungu haizunguki. Ni lazima urudi ulikotoka, kwa kuwa uwanja wa ndege umekata njia ya kwenda mashariki. Ushauri wangu ni kuchukua bodaboda kutoka Kitoro hadi kanisani, kisha urudi kwa miguu, mwendo wa saa moja hivi, mji ukiwa mbele yako. Mwenye watoto, au aliyechelewa kuamka, aiache Kigungu bila majuto, kwani kuiharakisha ni vibaya kuliko kutoiona. Ukienda, vaa kwa heshima. Ni mahali pa ibada.

Kutoka Kitoro vuka barabara kuu na ushuke kuelekea mashariki, ambako ziwa litatokea tena likiwa na sura nyingine kabisa. Magharibi uliona kazi. Mashariki utaona starehe. Fukwe zimefuatana kutoka karibu na uwanja wa ndege kwenda kaskazini, na nyingi zina mwenyewe, lango na kiingilio. Aero Beach inajulikana kwa ndege kuukuu zilizosimamishwa mchangani, ambazo watoto huzipenda sana. Si mbali na hapo kuna uwanja wa ndege wa zamani, ulioingia katika habari za dunia usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipovamia jengo la abiria kuwaokoa mateka wa ndege ya Ufaransa iliyotekwa. Eneo hilo ni la kijeshi. Usilikaribie, usilipige picha, na usimwombe mwendesha bodaboda akupeleke uchungulie.

Njia ya kupita hapa ni kutumia barabara zilizo nyuma ya fukwe, huku ukishuka majini panapokuwa na nafasi. Usilipe viingilio vyote. Chagua ufukwe mmoja, ulipe, ukae, uagize sato mzima wa kukaanga, kisha uendelee. Agiza mapema, kwa kuwa samaki wa namna hiyo hukaangwa baada ya kuagizwa na kungoja dakika arobaini si ajabu. Siku za wiki fukwe hizi huwa tupu na tulivu. Jumapili na sikukuu huwa na muziki mkubwa na umati kutoka Kampala, jambo ambalo wengine hulifuata na wengine hulikimbia.

Usishangae ukikuta ufukwe uliosifiwa na wenzako umebaki kamba nyembamba ya mchanga, au haupo kabisa. Kufuatia mvua nyingi zilizoanza mwishoni mwa 2019, usawa wa maji ya ziwa, kwa kipimo kilichoko mji wa Jinja, ulifika mita 13.42 mwezi Mei 2020, ukapita kidogo rekodi ya mita 13.41 iliyowekwa mwaka 1964, na kuta, vibanda na bustani za hoteli nyingi za ukingoni zikaingia majini. Miti mikavu utakayoiona imesimama ndani ya maji ni ushahidi wa gharika hiyo. Kwa hiyo ramani ya zamani, hata ya simu, isikufanye uamini kwamba kuna mchanga mahali fulani, uliza waliopo.

Je, uogelee? Wenyeji wengi huogelea, na joto litakushawishi. Hata hivyo ziwa hili lina kichocho, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyoishi kwanza ndani ya konokono wa maji baridi kisha kupenya ngozi ya binadamu bila yeye kuhisi. Konokono hao hupenda vihori vilivyotulia, vyenye majani na kina kifupi, yaani pale pale panapoonekana salama kwa mtoto. Hatari hupungua palipo na mawimbi na pasipo na majani, lakini haiishi. Mimi huishia kulowesha mikono tu. Anayeingia majini na aende hospitali wiki kadhaa baadaye akapimwe, kwani dawa yake, prazikwanteli, ipo na hufanya kazi vizuri.

Ukiendelea kaskazini utafika kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori, ambacho kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Kina ukingo wake wa ziwa uliozungushiwa uzio, kwa hiyo hapa pia utayaacha maji na kupita barabara ya Lugard. Kukitembelea vizuri kunahitaji saa mbili au tatu, na kwa siku ya matembezi nadhani ni kuzidisha.

Bustani ya Mimea ndiyo malipo ya siku. Ilianzishwa mwaka 1898, Waingereza walipotaka kujua ni mazao gani ya kigeni, kama mpira na kakao, yangestawi katika ardhi hii, na leo ni eneo la hekta 40 hivi linaloteremka kwa nyasi na miti mirefu hadi kwenye maji. Kuna kiingilio langoni, na waongozaji ambao kwa malipo ya ziada watakuonyesha miti ya dawa na ya viungo. Mchukue mmoja, hasa akikubali kutembea polepole. Sehemu yenye msitu mnene, iliyoachwa karibu na hali yake ya asili, ina mbega weusi kwa weupe wanaoruka juu ya kichwa chako, na hondohondo wanaopiga kelele kama watu wanaogombana. Tumbili nao wapo, na hao ni wezi wa mchana kweupe. Chakula chako kifunge ndani ya mkoba. Baadhi ya siku utakuta mawingu ya usubi wa ziwa yakipanda juu ya maji kama moshi. Hawaumi, lakini ukipita katikati yao fumba mdomo.

Kuufunga mzunguko, panda kutoka bustanini kando ya uwanja wa gofu, uliopo tangu mwaka 1901, hadi barabara kuu. Unapopumzika hapo juu, ziwa likiwa nyuma yako, ni mahali pazuri pa kukumbuka jina la mji. Kwa mujibu wa masimulizi, Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba, alichonga viti vyake katika mwamba wa hapa, na entebe kwa Kiganda ni kiti. Msomaji wa Kiswahili asidhani ukoo huo ni wa yule mnyama wa mtoni mwenye meno. Mamba wa Kiganda ni kamongo, samaki anayeweza kuishi ndani ya tope. Baadaye alikuja Mwingereza Gerald Portal mwaka 1893 kuweka kituo, na mji ukawa makao makuu ya utawala wa kikoloni hadi uhuru mwaka 1962, ndiyo maana mitaa ya huku ina nyumba za kizamani zenye varanda pana na bustani kubwa. Ikulu nayo iko katika vilima hivi, kwa hiyo weka kamera mfukoni.

Vuka barabara kuu, kisha teremka kwa barabara ya Nakiwogo. Njiani utaipita Taasisi ya Utafiti wa Virusi, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya utafiti wa homa ya manjano; watafiti wake ndio waliovigundua mwaka 1947 virusi vya Zika, vilivyopewa jina la msitu mdogo ulioko njia ya kwenda Kampala. Hapaingiliki kwa matembezi, lakini ni vyema kujua unapita wapi.

Jitahidi ufike Nakiwogo kabla ya saa 12:00 jioni. Jua hulala upande ule ule wa ghuba, na mitumbwi uliyoiona ikipakuliwa asubuhi huwa inarudi majini, nyavu zikiwa zimepangwa upya na taa zikijaribiwa. Bodaboda za kurudi Kitoro huwapo hadi usiku, ila taksi za Kampala hupita barabara ya zamani ya Kajjansi, ambayo jioni hufungana, na anayelala Kampala ajiandae kukaa kwenye foleni na miguu iliyochoka.